Kushika Ngazi

Kazi yangu ni kushika ngazi.
Tsiuri hupanda, misumari mdomoni,
futikamba shingoni kama nyoka aliyefugwa,
nami hubaki chini, uso juu,
nikila vumbi la chokaa na kuhesabu visigino vyake.
Miaka ishirini na tisa niliendesha tramu hapa Tbilisi.
Reli ziking'olewa, nilibaki na mikono
iliyozoea kushika chuma kisitikisike.

Leo tuko Sololaki, ghorofa ya pili, kwa Bi Nestani.
Dari iko juu, mita nne na ushei,
maua ya lipu pembeni, mengine yamenyofoka,
na katikati ya sebule, tao pana
limejipinda kama paka anayejinyoosha.
Lakini tao lina kovu.
Toka utosini hadi sakafuni, mstari wa kijivu:
hapo palisimama ukuta wa mbao
enzi zile nyumba moja iligawiwa familia tano,
jiko moja, choo kimoja,
taa tano za choo, kila familia na swichi yake.
Nusu ya tao ilikuwa ya kina Nestani.
Nusu ya majirani.

"Funikeni," alisema Bi Nestani. "Mahameli nzito,
nyekundu, toka huku hadi kule.
Usipoziba ufa…"
"Utajenga ukuta," Tsiuri akamalizia, mdomo umejaa misumari.
"Ukuta ulishajengwa, mama. Na ulishabomolewa.
Huu si ufa. Ni anwani."

Akateremka. Akavua viatu, akazunguka chumba.
Mke wangu hashoni kabla hajajua nyumba inatazama wapi.
Tazama, Ambrosi, akaniambia,
pazia likianzia kichwani pa dirisha
dirisha hudumaa, kama mtu aliyevutiwa kofia machoni.
Lianzie darini.
Kitani kishuke chenyewe, kiguse sakafu, kisigaegae.
Nguo ya mtu humsitiri mtu;
nguo ya nyumba sharti iseme nyumba iko wapi.

Siku tatu.
Madirishani, kitani cha rangi ya maziwa.
Nguzo za tao akaziacha uchi,
kando ya kila moja mkunjo mmoja wa buluu,
buluu ya vitambaa vya meza vya bibi zetu,
vyenye samaki weupe wanaofukuzana pindoni.
Na kwenye kovu?
Utepe, upana wa kiganja, basi.
Haukufunika mstari. Ulikaa ubavuni pake,
jicho likapanda nao bila kujua
mpaka pale juu, mkono wa kulia wa tao
unaposhikana na wa kushoto.

Bi Nestani alinyamaza muda mrefu.
Nikadhani hatalipa.
Kisha akasogea, akakunja ngumi ndogo,
akagonga hewa mara tatu, palepale penye mstari.
"Guliko alilala upande ule," akasema.
"Mara tatu: umelala?
Mara mbili: bado."
Ngumi ikabaki hewani, ikisubiri.
Utepe ukatikisika kidogo. Dirisha lilikuwa wazi,
msiniletee habari za mizimu.
Alilipa yote, akatuongezea
kopo la jamu ya jozi mbichi.

Sisi tunakaa Gldani, ghorofa ya nane.
Dari unaigusa ukinyoosha mkono.
Tao hatuna. Nguzo hatuna.
Tuna bomba la gesi linalokatiza jikoni
kama mgeni aliyekosea mlango,
na kwa miaka yote hiyo nimelipaka rangi ya ukuta
ili lisionekane, nalo likaonekana.
Usiku ule Tsiuri alitoa mfukoni
masalio ya buluu, samaki mmoja na nusu.
Akalitazama bomba. Akanitazama.
"Ngazi ya nini?" nikauliza. "Unalifikia ukiwa umesimama."
"Wewe shika tu," akasema,
akapanda kipago kimoja.